Mdogo wangu ana baipola, usiku halali kwa ajili ya simu. Tumnyang'anye?

DadaWaMikindani:
Habari za humu. Mdogo wangu ana miaka 24, ana baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa zake anachukua kliniki ya hospitali ya Ligula, Mtwara. Mchana anamsaidia mama kuuza samaki. Usiku sasa! Ananunua bando la usiku kwa vile ni rahisi, anabeti na kuangalia video mpaka adhana ya alfajiri. Juzi kabeti hela ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho ya baba. Kaka yetu anataka simu ifungiwe kabatini. Mimi naogopa, rafiki zake wote wako humo. Mtaani wanamwita chizi.

MkulimaNachingwea:
Chukueni simu. Hela ya salfa ikipotea, msimu umepotea.

NesiLindi:
Pole sana dada. Mkulima, uchungu wa salfa naujua, ila kwa mgonjwa huyu nitatazama usingizi kwanza. Mwenye baipola akikesha anaweza kupanda, yaani kuchangamka kupita kiasi, na akishapanda usingizi unakimbia, hela zinamwagika. Kwa hiyo simu inaweza kuwa chanzo, inaweza pia kuwa dalili. Anaongea haraka kuliko kawaida? Ana mipango mikubwa ya ghafla? Anakesha na bado hachoki? Kama ndiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Kubeti mkuseme waziwazi kwa daktari, familia nyingi huficha kwa aibu. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022, uraibu wa kamari umo, hata ule wa mtandaoni umetajwa. Kuwa mtandaoni tu si ugonjwa, na kuchati na rafiki zake msimkataze, hao ndio wanaomwita kwa jina lake. Akiwa ametulia, kubalianeni naye: saa nne usiku simu zote za nyumba zinalala chumbani kwa mama, hata ya kaka, na hela anashika mama. Ikichukuliwa yake peke yake kwa nguvu, ataazima nyingine na atawaficha. Na dawa asiache hata akijiona mzima.

DadaWaMikindani:
Nesi, umenishtua hapo kwenye mipango. Tangu wiki iliyopita anasema atanunua boti mbili za uvuvi, na anaongea mpaka mama anashindwa kumfuata. Sisi tulifurahi tukidhani amechangamka tu. Kesho asubuhi nampeleka Ligula, na la kubeti nitalisema mwenyewe. Kaka atakaa na mama sokoni.