Morning Musume: singo ya kwanza ni "Ai no Tane" au "Morning Coffee"?

Kinanda77: Wakuu, naomba kueleweshwa kuhusu Morning Musume, lile kundi la waimbaji wa kike la Japani. Orodha nyingine zinaanza na "Ai no Tane" ya 1997, nyingine zinaanza na "Morning Coffee" ya 1998. Ipi ndiyo ya kwanza? Na lile toleo la zamani la CD ndogo ya sentimita 8, linachezeka kwenye redio ya gari?

Santuri_B: Iliyotangulia kuuzwa ni "Ai no Tane", ila ulikuwa mtihani. Wale watano, Nakazawa, Ishiguro, Iida, Abe na Fukuda, walikosa ushindi kwenye usaili wa waimbaji wa kipindi cha runinga cha ASAYAN. Tsunku, mtayarishaji wa muziki, akawapa sharti: wauze nakala 50,000 kwa mikono yao ndani ya siku 5 za mauzo, ndipo wapewe mkataba. Siku zenyewe hazikufuatana. Walianza Osaka tarehe 3 Novemba 1997, wakaenda Fukuoka na Sapporo, na mzigo ukaisha siku ya nne, Nagoya, tarehe 30.

Mwanagenzi: Kwa hiyo ya kwanza ni "Ai no Tane", basi.

Santuri_B: Ya kujitegemea, yaani kabla ya mkataba, ndiyo. Lakini kundi lenyewe linahesabu kuanzia "Morning Coffee", iliyotoka tarehe 28 Januari 1998 na kufika nafasi ya 6 kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki Japani. Ukiona "singo ya 2" imeandikwa "Summer Night Town", ujue hesabu ni hiyo. Hata watunzi ni tofauti: "Morning Coffee" ni ya Tsunku, maneno na muziki, ilhali "Ai no Tane" maneno ni ya Saeki Kenzō na muziki ni wa Sakurai Tetsutarō. Sikiliza jinsi sauti za Abe na Fukuda zinavyobeba "Morning Coffee". Ilipotoka Fukuda alikuwa na miaka 13 tu, Nakazawa 24.

Fundi_Diski: Nijibu la CD. Redio ya gari ya kumeza diski, USIWEKE. Rola za nyingi zinategemea upana wa sentimita 12. Diski ya 8 inaingia, haifiki mahali pa kushikwa, na kuitoa ni mpaka ufungue redio. Laptop ya kumeza ni vilevile. Ile pete ya plastiki ya kuongeza upana nayo usiiamini humo, vishikio vyake huachia na pete ikabaki ndani.

Tumia mashine ya trei. Katikati ya trei kuna duara dogo lililozama, diski ikae humo sawasawa. Ikipanda ukingoni, trei ikijifunga itaikwaruza. Trei ya laptop yenye kitufe cha kubana ndiyo salama zaidi: bonyeza katikati mpaka isikike "tak". Ihamishie kwenye kompyuta kwa kasi ndogo, kisha ihifadhi.

Kinanda77: Shukrani. Na kasha lake refu?

Fundi_Diski: Hilo Wajapani wanaliita tanzaku. Diski inakaa nusu moja, nusu ya pili ni tupu, na plastiki ya ndani imetengenezwa ivunjike katikati ili kasha likunjwe mraba. Waliolikunja ni wengi, ndiyo maana ambalo halijakunjwa bei yake iko juu. Omba picha ya mgongo wa kasha kabla ya kulipa, mkunjo unaonekana hapo. Kutafuta, andika モーニングコーヒー ("Morning Coffee" kwa Kijapani) pamoja na 8cm, usipoweka hiyo "8cm" utaletewa toleo la baadaye la diski ya kawaida.