Saa za katikati ni za nani?

Mwanzisha mada (mwalimu wa mazoezi): Wakuu, hebu tujadili hili bila kuoneana haya. Nina kipindi saa 12 alfajiri na kingine saa 12 jioni. Ninalipwa saa 2 tu. Kutandika mikeka, kufuta vyuma, kujibu meseji za wateja usiku, vyote havimo kwenye hesabu. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, ila uliandikwa kwa ajili ya viwanda. Kiwandani king'ora kikilia kila mtu anajua kazi imeanza. Jimu haina king'ora.

Mwenye jimu: Ndugu, wateja huja kabla na baada ya kazi zao. Mchana vyuma vimelala, nikulipe kwa pesa ipi? Nikipandisha ada watahamia kukimbia barabarani. Halafu hakuna aliyekufunga, nenda kafundishe kwingine.

Mwokoaji wa bwawani: Nyie mna afadhali. Kazi yangu ni kutazama maji. Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, anapotea kimya kimya huku wenzake wanacheka pembeni yake. Ndiyo maana penye usimamizi mzuri waokoaji hupokezana kiti mara kwa mara. Kwetu ukionekana kivulini unaambiwa mvivu, na zamu ni kutwa nzima. Bosi haoni kwamba macho nayo huchoka.

Mwenye jimu: Pole, hilo la usalama sibishi. Lakini michezoni wengi huingia kwa mapenzi, tusijifanye hatujui.

Mwanzisha mada: Mapenzi hayalipi kodi ya nyumba, bosi! Wachezaji wa ligi ndogo za besiboli Marekani waliimbiwa wimbo huo huo, na sheria ya 2018 ikawanyima malipo ya saa za ziada. Mwaka 2022 wakajiunga na chama cha wachezaji, 2023 wakasaini mkataba wao wa kwanza wa pamoja, na kima chao cha chini kikapanda zaidi ya maradufu. Mapenzi yao kwa mchezo yalikuwa yale yale.

Mwenye jimu: Sawa. Robo saa kabla ya kipindi na robo saa baada yake naweza kulipa. Mchana mtupu, hapana.

Mwanzisha mada: Naipokea. Basi futa na kile kifungu cha mkataba kinachonikataza kufundisha jimu nyingine. Si umesema hakuna aliyenifunga?