Quest 3 kwa kuonyesha ramani za nyumba: waya au Wi-Fi? Na kichefuchefu kinatoka wapi?

mchora_ramani
Wakuu, naombeni ushauri. Lengo ni mteja atembee ndani ya nyumba yake kwa miwani ya VR kabla msingi haujachimbwa. Modeli ya 3D inatoka SketchUp (programu ya kuchorea), inaingia Unreal Engine (programu inayoionyesha kama mahali pa kutembea), kompyuta ina kadi ya picha ya RTX 3060, picha inarushwa kwenye miwani, Quest 3. Mambo matatu hayajakaa sawa. Mtu akigeuza kichwa haraka, pembeni kunatokea ukingo mweusi. Wengine wanapata kichefuchefu ndani ya dakika tano. Na maandishi ya vipimo ukutani hayasomeki mpaka uyasogelee. Ruta iko chumba cha pili, na kompyuta nayo iko kwenye Wi-Fi. Ninunue kebo au nibadilishe kadi ya picha?

waya_kwanza
Kadi iache kwanza, piga hesabu. Quest 3 ina pikseli 2064 × 2208 kwa kila jicho. Zidisha kwa macho mawili na fremu 90 kwa sekunde, ni pikseli milioni 820 hivi kila sekunde. Kwa biti 24 kila moja, hiyo ni karibu gigabiti 20. Wewe unairusha kwa megabiti 200 labda, maana yake picha inabanwa mara mia, inasafiri, kisha inafunguliwa na prosesa ndogo ya kichwani. Na kwako inapita hewani mara mbili: kompyuta hadi ruta, ruta hadi miwani.

Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya Cat 5e au zaidi. Ruta ihamishie chumba hichohicho, itumie 5 GHz na chaneli ya upana wa 80 MHz, simu na TV zirudi 2.4 GHz. Ukingo mweusi ni dalili ya fremu kuchelewa: miwani inachukua fremu iliyopita, inaizungusha ifuate kichwa, na pembeni hakuna picha ya kujazia.

Kisha shusha kutoka 90 Hz (fremu 90 kwa sekunde) hadi 72. Kompyuta itapata milisekunde 13.9 kuchora kila fremu badala ya 11.1. Zima Lumen, mfumo wa Unreal unaokokotoa mwanga papo hapo; mwanga upikwe mapema kwenye modeli, yaani ukokotolewe mara moja tu. Nyumba haitembei, jua la saa nne litabaki la saa nne.

Kebo ya USB inasaidia, ila usidhani picha inapita ghafi. Inabanwa humo pia, na mteja anaweza kujikwaa.

mboni63
Mkuu hapo juu yuko sahihi kuhusu mtandao, lakini kichefuchefu hakiponi kwa ruta peke yake. Uliza kwanza: mteja anatembea kwa kusukuma kijiti cha rimoti? Basi macho yanaona mwendo, sikio la ndani linasema mwili umesimama. Hata fremu 120 haziondoi ugomvi huo. Weka mtindo wa kuruka: anaelekeza mwale sakafuni, anabonyeza, anatua. Kugeuka kuwe kwa hatua za digrii 30 au 45, si kwa kuzunguka polepole. Ngazi ndizo mbaya kuliko zote; ruka moja kwa moja hadi ghorofani. Anayeanza kutokwa jasho au kupiga miayo avue palepale, asivumilie.

Jambo la pili ni umbali kati ya mboni mbili za macho. Asimame mbele ya kioo, rula juu ya nyusi, afumbe jicho la kulia na kuweka sifuri chini ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza rula wala kichwa, abadilishe jicho na kusoma milimita. Watu wazima wengi wako karibu na 63. Gurudumu la kusogeza lenzi za Quest 3 linakwenda 58 hadi 71, lirekebishwe kwa kila mteja. Hapo ndipo Quest 3S ingekusumbua, ina nafasi tatu tu: 58, 63 na 68.

waya_kwanza
Maandishi nayo: miwani hiyo inatoa kama pikseli 25 kwa kila digrii ya uoni, wakati jicho lenye afya linaweza kutofautisha karibu 60. Kadi mpya haiongezi pikseli za skrini. Kuza herufi, au vipimo vijitokeze mteja akielekeza rimoti ukutani. Unreal iweke kwenye forward shading (njia mojawapo ya kuchora fremu) na MSAA 4x (ulainishaji wa kingo). Kingo zitakuwa kali kuliko kwa TAA, ulainishaji unaochanganya fremu zilizopita, ambao kwenye VR hufanya kila kitu kionekane kimepakwa mafuta.

mchora_ramani
Asanteni sana. Kwa kweli wanatumia kijiti, nitabadilisha. Swali la mwisho: dari ya mita 2.7 inaonekana fupi. Vipimo vya modeli nimehakiki.

mboni63
Sakafu hiyo. Miwani ikidhani sakafu iko sentimita 20 chini ya ilipo, mteja anakuwa mrefu kwa kiasi hichohicho. Rudia kuweka mpaka wa chumba, gusisha rimoti chini kabisa. Halafu chora kwenye modeli meza ya sentimita 75, weka ya kweli ya kimo hicho mahali palepale, mteja aishike. Mkono ukitua kwenye ubao sawasawa na macho yanavyoona, vipimo viko sawa. Na mkimaliza, msiiache dirishani: jua likipita kwenye lenzi linachoma skrini.