Tupeane uzoefu: taa ya mbele ya baiskeli, ile ya kubadilisha betri

Dagaa_Mkavu
Wakuu, heshima kwenu. Natoka Buhongwa saa kumi alfajiri kwenda Mwaloni, Mwanza, kuchukua dagaa. Taa yangu ni ya kuchaji. Juzi umeme ulikatika tangu jioni, nikaondoka na chaji ya kuokoteza. Nilipofika Mkuyuni ikazima. Malori hayo nyuma! Nikajibanza kwenye taa ya bodaboda mmoja hadi mjini. Sasa nataka ya kubadilisha betri. Mnaozitumia, ni betri gani, na mlijutia nini?

Fundi_Spoku
Mkuu, usianze na taa, anza na duka la jirani yako. Betri gani ipo pale hata saa tatu usiku? Kama ni AA, zile za saa ya ukutani, nunua taa ya AA. Za AAA, zile nyembamba, ni nyepesi kweli, lakini hazibebi chaji nyingi, na kile kikapu cha plastiki cha betri tatu ndicho huniletea wateja: springi zikilegea, kila korongo taa inapepesa. Huwa nakunja karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, naibana kwenye springi, maisha yanaendelea.
Halafu usichanganye betri mpya na iliyochoka. Ile iliyochoka inaisha kwanza, zenzake zinailazimisha, mwisho inavuja ndani ya taa. Na zile za bei ya chee, taa ikiwa kali, mwanga unafifia mapema. Betri za alkali ni ghali ila zinakaa.

Mchimbaji_wa_Geita
Mimi yangu inatumia betri ya kuchaji ya 18650, ile nene ya milimita 18 kwa 65. Nilinunua mbili zimeandikwa mAh 9900 (kipimo cha chaji inayobebwa), nikajiona tajiri. Hazikumaliza hata saa moja. Jamaa akaniambia betri ya saizi hiyo, hata iliyo bora, huishia kwenye 3500 hivi. Nikazipeleka kwenye mizani ya dhahabu: gramu 24! Nzima huwa na 45 na kitu. Sijui humo ndani waliweka nini, unga wa sembe labda.

Bi_Pwani
Mie nipo Paje, Unguja. Huku adui ni chumvi, si giza. Taa niliiacha mwezi mzima na betri za alkali ndani, nikakuta ukoga mweupe kwenye vyuma. Nikasugua na ndimu, nikaikausha juani, ikawaka. Toka siku hiyo nisipoitumia natoa betri.

Mzee_wa_Baridi
Nipo Ujerumani, wanangu. Huku hadi 2013 sheria ilitaka baiskeli ya kawaida iwe na taa ya dainamo; mwaka huo ndipo taa za betri zikaruhusiwa. Mwanga wa taa za huku umekatwa kwa juu, unamulika barabara bila kumchoma macho anayekuja. Ukiipata ya namna hiyo, ichukue, hata kama namba ya mwanga kwenye boksi ni ndogo. Yangu inakula AA nne za kuchaji. Ni volti 1.2 badala ya 1.5, lakini wakati wa baridi kali zinazishinda za alkali mbali. Nina seti mbili: moja kwenye taa, nyingine mfukoni.

Nyamlo
Nyinyi mnahangaika bure. Tochi ya mawe mawili, kipande cha tyubu, funga kwenye usukani. Kisumu tumebeba abiria hivyo miaka.

Fundi_Spoku
@Nyamlo hapo kwenye tyubu nakuunga mkono. Hata taa ya dukani, weka kipande chini ya kile kibano; haiinami kwenye matuta.

Dagaa_Mkavu
Nimeelewa. Pale kwetu AA zipo hadi kwa muuza vocha, basi nachukua ya AA na seti ya akiba. Swali la mwisho: Mwaloni nikiegesha, naiacha?

Mchimbaji_wa_Geita
Chomoa utembee nayo. Mimi niliacha kibano tu, nacho wakaondoka nacho.