Kompyuta ya steshenari haiwaki baada ya umeme kukatika: kosa 0xc0000034, na data naihitaji

steshenari_kusini (Mtwara mjini)

Wakuu habari za saa hizi. Nina Dell OptiPlex 7010, RAM 8GB, diski ya kawaida ya kuzunguka 500GB, Windows 10. Umeme ulikatika ikiwa inamalizia apdeti, ile hatua ya kukuambia usizime kompyuta. Uliporudi, nembo ya Dell inatokea vizuri, halafu inakuja skrini ya bluu:

Your PC/Device needs to be repaired
File: \EFI\Microsoft\Boot\BCD
Error code: 0xc0000034

Nimeazima flashi yenye Windows 10, nikaingia Repair your computer. Startup Repair imeshindwa. Kwenye Command Prompt, `bootrec /fixboot` inajibu Access is denied, na `bootrec /rebuildbcd` inajibu Total identified Windows installations: 0. Nimepiga pia `chkdsk C: /f` ya kukagua diski, imemaliza bila kulalamika.

Fundi wa jirani anasema dawa ni kupiga window upya tu. Tatizo ni Desktop: kuna mafaili ya Excel ya mizani ya korosho ya chama cha msingi kimoja, pamoja na kazi za wateja wengine. Nakala sina popote. Inafufuka bila kufuta kitu?

---

Fundi Mingoyo (Lindi)

Usipige window. Kosa hilo halisemi Windows imekufa, linasema kompyuta haioni ramani ya kuifikia.

Diski yako ina patisheni (sehemu iliyogawanywa) ndogo iliyofichwa, kwa kawaida 100MB, inaitwa EFI. Humo ndimo lilimo faili la BCD, linaloonyesha Windows iko patisheni ipi. Patisheni hiyo imepangwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32. Windows yenyewe na mafaili yako yako kwenye NTFS, ambayo huandika kwanza inachotaka kufanya ndipo ikakifanya, kwa hiyo umeme ukikatika katikati inajua pa kuanzia kujirekebisha. FAT32 haina utaratibu huo. Apdeti ikiwa inagusa BCD na umeme ukaondoka, faili linabaki nusu au linapotea kabisa, huku Excel zako zikiwa salama kwenye patisheni nyingine.

Hilo la Access is denied lisikutishe. Kwenye Windows 10 za UEFI (mtindo mpya wa kuwasha kompyuta) `bootrec /fixboot` hugoma hivyo mara nyingi hata diski ikiwa nzima. Watu wanapoteza siku nzima wakipambana nayo wakati haihitajiki hata kidogo. Amri ya kazi hii ni `bcdboot`, inayounda upya mafaili ya kuwashia.

Ila kabla ya kuandika chochote, toa mafaili kwanza. Ukiwa kwenye Command Prompt hiyohiyo, andika `notepad` kisha Enter. Notepad itafunguka. Nenda File, Open, na pale chini badilisha Text Documents iwe All Files. Hapo una dirisha la kuvinjari diski nzima: tafuta folda ya Users, jina lako, Desktop, bofya kulia, Copy, halafu nenda kwenye flashi nyingine, Paste. Haionyeshi asilimia, hivyo ikiganda iache, inanakili.

Mafaili yakiwa mengi tumia hii:

`robocopy D:\Users E:\Nakala /E /XJ /R:1 /W:1`

Herufi badilisha kulingana na kwako. `/XJ` usiisahau, bila hiyo inaweza kuzunguka ndani ya folda zinazojirejea mpaka flashi ijae. Na `/R:1 /W:1` ni kwa sababu robocopy usipoiambia kitu hujaribu faili bovu mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Diski yenye sekta mbovu itakukalisha hapo hadi msimu ujao wa korosho.

Ukimaliza kunakili, tuletee matokeo ya amri hizi:

diskpart
list disk
list volume

Kwenye `list disk` angalia kama safu ya Gpt ina nyota, maana yake diski imegawanywa kwa mtindo unaoendana na UEFI.

---

Kitangari_IT

Naongezea kwa Fundi Mingoyo. Kabla hata ya kunakili, pima diski. Zima, washa, bonyeza F12 mfululizo nembo ya Dell ikitokea, chagua Diagnostics. Kipimo hicho kimo ndani ya mashine yenyewe, hakihitaji Windows. Kikitoa namba 2000-0142, diski imefeli kipimo chake, na hapo sahau `chkdsk /r` kabisa. `chkdsk /r` husoma kila sekta (kipande kidogo cha diski) kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski inayokata roho ukiilazimisha kazi ya saa kadhaa unaimalizia. Diski ya namna hiyo kwanza unaokoa data, ufundi baadaye.

Kingine: ukibonyeza F12 flashi yako itajitokeza mara mbili, chini ya LEGACY na chini ya UEFI. Chagua ya UEFI. Ukiingia kwa Legacy, `bcdboot` usipoielekeza huandika mafaili ya mtindo wa zamani, inakuambia imefanikiwa, halafu ukiwasha kosa ni lilelile.

---

steshenari_kusini

Asanteni sana. Diagnostics imepita, hakuna namba ya kosa. Kweli flashi ilikuwa mara mbili na mwanzo niliingia ya LEGACY, safari hii nimeingia ya UEFI. Desktop nimeinakili kwa njia ya Notepad, Excel ninazo.

Disk 0 ina nyota kwenye Gpt. Hii ndiyo list volume:

Volume 0, C, Data, NTFS, 270 GB
Volume 1, D, haina jina, NTFS, 194 GB
Volume 2, haina herufi, FAT32, 100 MB, Hidden
Volume 3, haina herufi, NTFS, 505 MB, Hidden
Volume 4, E, flashi, FAT32, 14 GB

Mbona C imekuwa Data? Kwangu Data huwa D.

---

Fundi Mingoyo (Lindi)

Hapo ndipo penye jibu la ile `chkdsk` yako isiyolalamika. Unapowasha kwa flashi, herufi hugawiwa upya bila kujali Windows yako inaziitaje. Ulikagua patisheni ya Data, Windows hujaigusa bado. Hakikisha kwanza:

`dir D:\`

Ukiona Windows, Users na Program Files, ndiyo yenyewe. Sasa fuata kama ilivyo:

diskpart
select volume 2
assign letter=S
exit
chkdsk S: /f
chkdsk D: /f
bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Namba 2 ni ya mashine hii na kwa leo. Ukizima na kuwasha tena, piga `list volume` upya uthibitishe ni ile FAT32 ya 100MB, maana namba nazo huhama.

Jibu unalolitaka ni Boot files successfully created. Ukipata Failure when attempting to copy boot files, kuna mambo mawili: ama umekosea herufi, ama hiyo FAT32 imeharibika kuliko `chkdsk` inavyoweza kuirekebisha. La pili likiwa kweli, unaifomati hiyo ndogo peke yake:

`format S: /fs:fat32 /q`

kisha unarudia `bcdboot`. Kabla ya Enter piga `dir S:\` uone ina folda ya EFI tu, au haina kitu. Nasisitiza kwa sababu herufi moja ukikosea hapo umefuta kazi za watu. Kwenye EFI hakuna faili la mteja, kila kilichomo `bcdboot` hukichukua upya kutoka D:\Windows.

Ikishawaka, huenda ikajaribu kuendelea na ile apdeti na kurudisha mabadiliko nyuma. Iache. Ikizunguka tu bila kufika kwenye neno la siri, rudi kwenye flashi upige:

`dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions`

Hiyo hufuta kazi za apdeti zilizobaki njiani.

---

Mwana Masasi

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Ya kwangu ni Dell pia, ila inaandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na saa yake imerudi miaka mingi nyuma. Nitumie bcdboot hizohizo?

---

Kitangari_IT

Hapana, huo ni ugonjwa mwingine. Saa kurudi nyuma ni dalili ya betri ya ubao mama, ile ya duara CR2032. Ikifa, mashine ikichomolewa ukutani inasahau mipangilio ya BIOS (programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows) na kurudi ya kiwandani. Kwenye Dell nyingi mpangilio wa kiwandani wa diski ni RAID On. Kama Windows yako iliwekwa kwenye AHCI (RAID na AHCI ni njia mbili za mashine kuwasiliana na diski), inaamka, inatafuta diski kwa dereva la AHCI, inaikosa, inaanguka na maneno hayo.

Bonyeza F2, System Configuration, SATA Operation, badilisha iwe AHCI, Apply, washa. Ikiwa ilikuwa tayari AHCI jaribu RAID On. Angalia pia General, Boot Sequence: Boot List Option ikiwa Legacy wakati diski ni GPT, mashine itakuambia haina kifaa cha kuwashia hata kama diski ni mpya kabisa.

Kubadilisha betri: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, toa ya zamani, weka mpya upande wa + ukitazama juu. Kabla hujaitoa, piga picha za kurasa hizo mbili za BIOS kwa simu, ili baadaye usikisie.

Na mwenye laptopu mpya akikutana na ukurasa wa bluu unaodai ufunguo wa tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski. Ufunguo unapatikana account.microsoft.com kwa akaunti aliyofungulia laptopu. Bila ufunguo huo data haisomeki hata ukihamishia diski kwenye mashine nyingine, kwa hiyo kwa laptopu za namna hiyo usianze kuchezea BIOS kabla hujauandika mahali.

---

Mwana Masasi

Ilikuwa RAID On. Nimeweka AHCI, imewaka. Betri nafuata mjini kesho.

---

steshenari_kusini

`bcdboot` mara ya kwanza ilitoa Failure. `dir S:\` ikaonyesha folda ya EFI na vitu vyenye majina ya ajabu yasiyosomeka. Nimefomati S, nimerudia, Boot files successfully created. Imewaka, ikaandika inarudisha mabadiliko ya apdeti, karibu nusu saa, sasa niko ndani. Kila kitu kipo.

Nimeweka CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, inaonyesha rangi ya njano, Caution. C5 ni 000000000018. Hiyo ni 18?

---

Kitangari_IT

Ni 24. Programu hiyo huonyesha kwa namba za hekso (za kuhesabu kwa kumi na sita) usipoibadilisha. Nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC].

C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua hatima yake. Kipimo cha Dell cha haraka kinaweza kupita na hizo zikiwepo, hakigusi diski yote. Angalia na 05: hizo ni zilizokwisha kubadilishwa kwa akiba. C5 inaweza kushuka zikiandikwa upya, hasa baada ya umeme kukatika diski ikiwa inaandika. Ila ikipanda wiki hadi wiki, au 05 nayo ikianza kupanda, diski hiyo inaondoka. Kwa mashine inayobeba mizani ya chama cha msingi mimi nisingesubiri. Weka SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya 480GB au 500GB na uhamishe Windows ilivyo kwa programu ya kunakili diski. Ikiwa ya 480GB, punguza kwanza patisheni ya Data kwenye Disk Management, la sivyo haitaenea. OptiPlex 7010 inapokea SSD ya inchi 2.5 kwa waya zilezile za diski ya sasa.

Windows 11 usijisumbue nayo, prosesa za 7010 ni za kizazi cha pili na cha tatu cha Intel na haziko kwenye orodha ya zinazokubalika. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo hiyo mashine iachie kazi za ofisi, mambo ya benki fanyia kwingine.

---

Fundi Mingoyo (Lindi)

Suala la umeme sasa. Stebilaiza haikusaidii umeme ukikatika, inasawazisha volti tu, haina betri. Unahitaji UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Ya 650VA inatosha CPU na skrini moja kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Printa ya leza au mashine ya fotokopi usiichomeke upande wa betri: kile kifaa chake cha kupasha moto kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo itazima papo hapo pamoja na kompyuta. Printa iende kwenye stebilaiza.

Betri ya ndani, ile ya 12V 7Ah, kwa joto la pwani yetu hesabu miaka miwili au mitatu. Namna ya kuipima: hifadhi kazi, chomoa UPS ukutani, uone kama mashine inabaki hewani.

Na hiyo flashi uliyoazima irudishe, tengeneza ya kwako leo mashine ikiwa nzima. Tafuta Create a recovery drive, ondoa tiki kwenye Back up system files, flashi ya 1GB au 2GB inatosha na haikuli bando hata kidogo. Ina Command Prompt ileile.