Tupeane uzoefu: Mliunganishaje intaneti ya laini ya simu kwenye Linux?

Wenzangu, naomba kila aliyewahi kuingia intaneti kwa laini ya simu akitumia Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows), enzi zile kabla nyaya za chini ya bahari hazijafika Mombasa mwaka 2009, atueleze alikwama wapi na alijinasuaje.

Naanza mimi, wa Nakuru. Kompyuta yangu ilikuwa na modemu ya ndani (kadi ya kuiunganisha kompyuta na laini ya simu) ambayo kwenye Windows haikunisumbua hata siku moja. Kwenye Linux, wvdialconf, programu ya kutafuta modemu, ilipekua poti zote za siriali kuanzia ile ya kwanza, /dev/ttyS0, ikatoka mikono mitupu. Nililaumu Linux wiki mbili nzima, nikaja kugundua kwamba kadi ile ilikuwa nusu modemu: kazi ya kugeuza data kuwa sauti iliachiwa programu ya Windows, na mtengenezaji hakuwa ametoa nyingine. Nilinunua modemu ya nje ya mtumba, yenye kebo ya siriali, na safari hii wvdialconf iliitambua mara moja, ikaandika yenyewe faili ya mipangilio ya kupiga, /etc/wvdial.conf, nikabaki kujaza namba ya simu, jina la akaunti na neno la siri.

Wa Kisumu: Yangu ilikuwa ya nje tangu mwanzo, lakini kila nikipiga najibiwa NO DIALTONE (hakuna mlio wa laini), ilhali nikiinua mkonga nausikia mlio vizuri kabisa. Kumbe modemu ilikuwa ikisubiri mlio wa nchi ilikotengenezewa. Niliongeza agizo la X3 kwenye mstari wa Init2 wa /etc/wvdial.conf, ili ipige bila kuusubiri, na tatizo likaisha.

Wa Kakamega: Mimi nilipiga, nikaunganishwa, nikapewa anwani ya IP (namba ya kompyuta mtandaoni), na bado hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Nilipofungua /var/log/messages nilikuta pppd, programu inayoendesha muunganisho wa simu, imeandika kwamba haibadilishi njia kuu ya kutokea mtandaoni iliyopo. Njia hiyo ilikuwa ya eth0, yaani kadi ya mtandao wa waya, niliyoiweka mwenyewe nilipoipeleka kompyuta kwenye maabara ya chuo, nikasahau kuiondoa. Niliifuta kwa amri ya "route del default", nikapiga upya. Hapo namba za IP zikaanza kujibu ping (amri ya kupima kama kompyuta nyingine inafikika), ila majina ya tovuti yakagoma, hadi nilipoandika anwani za seva za DNS, zinazogeuza majina kuwa namba za IP, kwenye /etc/resolv.conf. Jioni nzima ilinipotea, na dakika za simu zilikuwa zikihesabiwa muda wote huo.

Wa Busia: Kuunganisha hakukunipa taabu, kukata ndiko kulikoniponza. Usiku mmoja nilisinzia laini ikiwa wazi, na bili ilipofika mzee alinikabidhi karatasi bila kusema neno, akaondoka na waya wa simu mkononi. Aliponirudishia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuandika "Idle Seconds = 300" kwenye /etc/wvdial.conf, laini ijikate yenyewe baada ya dakika tano za ukimya.