Tupeane uzoefu: wenye Alfa za zamani, klabu ya Nairobi na Concours ya Ngong Road

Habari zenu wakuu. Nafungua uzi huu kwa sababu wazee wa klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo hapa Kenya wanatutoka mmoja mmoja, na kila anayekwenda anakwenda na stori zake. Wengi mnaijua Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, pale uwanja wa mbio za farasi, Ngong Road. Wachache wanajua kwamba waandaaji ni hawa hawa wenye Alfa, na kwamba kazi hiyo wanaifanya tangu miaka ya 1970. Klabu ya gari la aina moja ndiyo iliyowafungulia uwanja wenye Datsun, Mercedes, Ford na BMW.

Naanza na yangu. Marehemu baba alinunua Giulia Super nyeupe mwaka 1976, kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Injini ya 1,570 cc, kemshafti mbili (zile shafti zinazosukuma valvu zifunguke), gia 5 wakati magari mengi ya familia yalikuwa na 4. Ukiitazama utadhani ni sanduku la mkate, lakini Waitaliano walilipima umbo lake kwa upepo kabla ya kutoa Giulia ya kwanza mwaka 1962, na barabarani inapita kimya kuliko inavyoonekana.

Sasa sikilizeni. Ukitaka kurekebisha nafasi ya valvu, yaani ule upenyo mdogo kati ya valvu na kemshafti, kwenye injini hii, hakuna skrubu ya kukaza. Kuna vidude vya chuma, vya mviringo, vidogo kama kidonge cha malaria, vinakaa juu ya kila valvu. Vinaitwa shimu. Unapima, unang'oa kemshafti, unatoa shimu nene unaweka nyembamba, unarudisha, unapima tena. Valvu ni 8. Duka gani la Nairobi lingekuwekea saizi zote hizo? Basi baba na wenzake walikuwa na kopo la kahawa lililojaa shimu. Kopo lilizunguka. Mwezi huu liko Lavington, mwezi ujao South C. Jumamosi mwenye gari anafungua boneti, mama watoto anapika, wenzake wanakuja na vipimo vyao. Mimi nilikuwa na miaka 9, kazi yangu ilikuwa kufuta kila shimu kwa kitambaa na kusoma namba kwa sauti. Kwangu mimi klabu ilikuwa hilo kopo, siyo kadi wala mikutano.

Karibuni, kila mtu na yake.

Fundi, Industrial Area

Mkuu umenigusa. Mimi sijawahi kumiliki Alfa, mimi ndiye niliyekuwa chini yake. Tajiri wangu alikuwa akiingiza GTV, Alfa ya milango miwili, kwenye Concours, nasi tunaanza matayarisho wiki 3 kabla. Mafuta ya taa, mswaki, waya wa kusugulia. Watu wanaona rangi inavyong'aa, lakini alama nyingi zinapotea kule wasikotazama. Mwaka mmoja jaji alilala chali kwenye nyasi, suruali yake safi kabisa, akapitisha kidole juu ya difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma, upande wa ndani, mahali ambapo hata mimi nafika kwa kuhisi tu. Akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Hakusema kitu, aliandika. Nilijisikia kama mtoto aliyepasi mtihani. Halafu wakaja kwenye taa, na taa ya namba ya nyuma ikakataa kuwaka. Balbu ya bei ya soda! Tangu siku hiyo natembea na balbu mfukoni.

Mchangiaji, Mombasa

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, kutu. Kaka yangu alikuwa na Alfasud, ile iliyotengenezwa Pomigliano d'Arco karibu na Napoli. Gari tamu ajabu kwenye kona, injini imelala chini. Lakini bati lake, maskini. Upepo wa chumvi wa Nyali uliila milango kwa miaka 6. Tuliziba, tukapiga rangi, ikatokea upande wa pili. Mwishowe tulibaki na injini tu, nayo tukampa mwenzetu wa Nairobi bila senti, maana tungeiuza kwa nani?

Na jambo moja kwa vijana wanaoshuka nazo pwani. Kabureta iliyopangwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, huku chini inatoa petroli kidogo mno kwa hewa iliyopo. Injini inachemka, inagonga. Wazee walikuwa wanabadilisha jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, pale Mtito Andei, kando ya barabara, wakinywa chai. Msidharau.

Mama wa Nakuru

Hamjambo wanangu. Mimi niliachiwa Alfetta, Alfa nyingine ya zamani, na mume wangu. Alipofariki sikuwa najua hata kufungua boneti. Klachi ikaisha, nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Wakaniambia lazima injini ishushwe, wakashusha kweli, wakatafuta klachi hawakuiona. Wakaniambia gari lina kasoro tangu kiwandani, niuze chuma chakavu. Nililia njia nzima.

Jioni nikapiga namba iliyokuwa kwenye kijitabu cha mume wangu, ya mwenzake wa klabu. Mzee akacheka kwanza, kisha akaniambia taratibu: "Shemeji, klachi ya gari hilo iko nyuma, pamoja na gia, karibu na magurudumu ya nyuma." Alikuja mwenyewe na fundi wake Jumapili, na klachi iliyotolewa kwenye gari lingine. Hakuchukua pesa. Nimeliendesha mpaka leo, na lina namba zake za zamani, herufi 3 na tarakimu 3.

Mwenye uzi

Shikamoo mama. Ulichosema ndicho nilichokuwa natafuta hapa. Na tukumbuke, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Giulia au Alfetta ikifia kwenye uwanja wa vyuma chakavu, haiji nyingine. Ndiyo maana roho inaniuma nikiona mtu anakata moja ili apate viti tu. Tafadhali, kabla hujakata, uliza.

Mchangiaji, Arusha

Habari za huko majirani. Huwa tunavuka Namanga alfajiri kuja kuangalia Concours, tunarudi usiku. Mwaka jana nilipata Giulia Nuova hapa Tengeru, ilikuwa bandani kwa miaka 20, kuku wamelalia kiti cha nyuma. Inawaka sasa. Nimepima valvu, 7 ziko sawa, moja ya egzosi imebana. Natafuta shimu ya unene wa milimita 1.85. Nimemaliza maduka yote Arusha na Moshi, fundi ananiambia tuisage iliyopo kwa jiwe, naogopa.

Mwenye uzi

Usiisage ndugu yangu, itakaa upande na itaila kemshafti. Nimeshuka stoo sasa hivi. Kopo lipo, kutu kidogo kwenye kifuniko tu. 1.85 ziko 2. Ijumaa kuna basi la asubuhi, nitampa kondakta kwenye bahasha, nimeandika namba kwa kalamu nyekundu kama tulivyozoea. Ile nene utakayoitoa usiitupe, nirudishie.